Moyo Unaochelewa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mapigo ya moyo: 56 kwa dakika. Nimehesabu mara tatu, kwa saa yangu ya mkononi ambayo haijawahi kuniongopea. Hamsini na sita! Januari nilikuwa na tisini na nane.

Daftari hili nimelinunua leo. Lile la jalada la bluu ni la Nesi wa kliniki ya moyo. Humo naandika mapigo kila asubuhi ili ayasome. Humu naandika ukweli.

Ukweli wa kwanza. Wiki saba zilizopita miguu ilivimba mpaka viatu vikanikataa, nikawa nalala nimekaa kitini kama mlinzi wa ghala. Daktari akasema moyo umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa, na huu ni ugonjwa wa kuishi nao. Nikapewa dawa ya kupunguza maji mwilini, na nyingine ya kundi wanaloliita beta-bloka. Nesi alieleza vizuri, sikatai. Dawa inautuliza moyo, uache kuhangaika. Inaanza kwa kipimo kidogo, inapandishwa taratibu. Kila ikipandishwa, siku za mwanzo unaweza kuhisi uchovu na kizunguzungu, halafu mwili unazoea. Ninywe pamoja na chakula. Nisinyanyuke ghafla. Nikisahau kidonge, nisinywe viwili kufidia. Na kubwa kuliko yote, nisiiache ghafla, hata nikijiona nimepona. Hapo alinikazia macho kama mtu aliyewahi kunifumania.

Wiki iliyopita kipimo kikapandishwa. Nesi akayaona mapigo yangu, akatabasamu, akasema moyo sasa unakwenda vizuri, polepole ndio mwendo.

Nesi huyu hajawahi kutengeneza saa. Mimi nimezitengeneza miaka thelathini na moja. Kitu kilichokuwa kinapiga tisini na nane kikashuka hadi hamsini na sita kinachelewa. Hakuna mteja aliyewahi kuniletea saa akafurahi kuambiwa sasa inachelewa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Siku mbaya. Afisa Masoko alikuja dukani, amevaa tai.

Habari zenyewe ni za saa ya mnara wa soko. Ni yangu mimi. Kwa karatasi ni ya baraza la mji, lakini ufunguo wa mlango wa mnara umekaa shingoni mwangu miaka ishirini na mbili, na kila Jumamosi nilipanda ngazi tisini na tatu kuitia ufunguo ili itembee wiki nzima. Tangu niugue haijapandiwa. Imesimama saa nne na dakika kumi na mbili. Watu wanaingia sokoni saa nne na dakika kumi na mbili, wanachagua nyanya, wanagombana, wanapatana, wanatoka saa nne na dakika kumi na mbili.

Afisa akasema wachuuzi wamelalamika. Jumamosi hii ama saa iwe inatembea, ama ufunguo apewe Betri.

Betri! Kibanda chake kinatazamana na changu. Jina tumempa kwa sababu kazi yake yote ni moja: anafungua mgongo wa saa, anatoa betri, anatia betri, anafunga, anajiita fundi. Amemwahidi Afisa kwamba atang'oa mitambo yote ya mnarani na kuweka mota ya umeme. Mitambo ile! Magurudumu ya shaba niliyoyapiga brashi kwa mkono wangu jino baada ya jino. Atayauza kwa kilo, najua.

Nikanyanyuka kwa hasira kumjibu Afisa. Nilinyanyuka haraka. Duka lote likazunguka, nikamkumbatia Afisa shingoni pamoja na tai yake. Betri akavuka barabara mbio akiwa na kiti. Akasema kaa mzee, pole mzee. Nilikaa. Sijawahi kukaa kwenye kiti kichungu namna ile.

Kizunguzungu hicho ni dawa. Uchovu ni dawa. Dawa ndiyo inayompa Betri mnara wangu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepata mpango, na ni mpango wa kifundi.

Saa haitengenezwi huku inatembea. Unaisimamisha kwanza, unafanya kazi, halafu unaiwasha tena. Basi nami nitaisimamisha dawa kidogo. Jumatano mpaka Jumamosi tu. Nitapanda mnara, nitaitia saa ufunguo, nitashuka, nitaendelea na dawa kana kwamba hakuna kilichotokea. Nesi alikataza kuacha. Mimi siachi. Nasimamisha.

Tatizo ni mke wangu. Alifundisha darasa la tatu miaka thelathini na nne, na mtaa mzima unamwita Mwalimu, pamoja na mimi. Asubuhi na jioni analeta chai, mkate, na kidonge cha moyo kwenye kisahani, kisha anasimama mbele yangu mikono kiunoni mpaka nimeze. Halafu nafungua kinywa, anakagua.

Lakini vidole hivi vinashika skrubu ndogo kuliko chawa. Kidonge kwangu ni pipa. Kimeingia katikati ya vidole, mkono umeenda kinywani, maji yamefuata, nimemeza mate, nimefungua kinywa. Mwalimu ameridhika. Alipokwenda jikoni nikakitumbukiza ndani ya saa ya ukutani ya sebuleni, kwa kijidirisha cha chini. Jioni hivyo hivyo.

Mapigo 61. Katika daftari la bluu nimeandika 57.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mapigo 76! Mashine imeanza kushika muda.

Nimeamka mwepesi. Nimezunguka nyumba mara mbili. Nimembebea Mwalimu ndoo, akaninyang'anya. Akasema anaona uso wangu una nuru leo, kumbe dawa inafanya kazi, tungemsikiliza Nesi tangu mwanzo nisingehangaika. Akanipa kipande cha pili cha mkate.

Nikaona haya kidogo. Nikala mkate.

Daftari la bluu: 58.

Mchana Betri amepita akaniuliza hali. Nikamwambia Jumamosi aje na kiti chake, akae chini ya mnara, anitazame. Akauliza kama Nesi ameruhusu. Nikamwambia Nesi hana neno. Na kweli hana neno, kwa kuwa hajaulizwa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mapigo 94, halafu 101, halafu nikapoteza hesabu kwa sababu yaliruka mawili. Nikaanza upya. Yakaruka tena.

Si neno. Saa iliyosimama muda mrefu ikianza kutembea lazima irukeruke kwanza.

Kichwa kinauma tangu asubuhi. Moyo nausikia masikioni, kwenye shingo, hata kwenye meno. Nguvu hizo! Viatu vimebana kidogo jioni hii. Vitakuwa vimepata unyevu.

Mwalimu ameuliza mbona natoka jasho. Nimesema joto. Akasema madirisha yako wazi na yeye amevaa sweta. Nikasema kila mwili na joto lake. Akaniangalia muda mrefu, jinsi alivyokuwa akimwangalia mwanafunzi anayesema daftari limeliwa na mbuzi. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Akaenda kulala.

Mimi sifichi maradhi. Nayasimamia.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku yenyewe! Kidonge cha saba kimeingia kwenye saa ya ukutani. Nimemwambia Mwalimu naenda kununua mkate. Ufunguo shingoni, kopo la mafuta mfukoni.

Naandika haya saa mbili kasorobo, nikiwa nimekaa mlangoni pa mnara. Afisa Masoko hajafika. Betri amefika, na kiti. Mapigo sijahesabu. Leo hakuna haja.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Naandika kwa penseli ya wodi, kitandani.

Ngazi ishirini za kwanza zilikuwa zangu. Nilipanda nikihesabu kwa sauti ili walio chini wasikie. Ngazi ya thelathini nikapunguza sauti. Ya arobaini na moja nikaacha kuhesabu kwa mdomo. Ya hamsini na mbili miguu ikagoma, nikakaa.

Moyo ulikuwa unapiga kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua. Hewa nilikuwa naivuta na haifiki. Nilikohoa, kikatoka kipovu. Gizani mle nilisikia sauti ya mashine juu yangu, ya kutembea, nikafurahi kwamba saa imejiwasha yenyewe. Halafu nikatambua kwamba sauti ile ilikuwa kifuani.

Niliogopa. Naandika wazi, maana hapa naandika ukweli. Niliogopa kufa kwenye ngazi ya hamsini na mbili, na Mwalimu yuko nyumbani anangoja mkate.

Aliyenifikia ni Betri. Yule mwenye tumbo, anayepumzika mara mbili akivuka barabara. Akanibeba mgongoni. Nilijaribu kumwambia aangalie ngazi ya thelathini na sita, ina ufa. Akasema nyamaza mzee, ukinyamaza tutafika. Akashuka akihesabu kurudi nyuma, hamsini na moja, hamsini, arobaini na tisa, na sauti yake inatetemeka. Afisa Masoko akaleta gari. Nilimwaga mafuta ya saa kwenye kiti chake cha nyuma.

Siku mbili sikumbuki vizuri. Barakoa ya hewa, sindano, mtu ananiambia nipumue kana kwamba nimekataa.

Kilichoniokoa, amesema Daktari, ni vidonge vya sebuleni. Jumamosi ile ile saa ya ukutani ilisimama, maana kidonge kimoja kilikwama kwenye pendulo, ile inayobembea. Mwalimu akaifungua. Akakuta saba. Alipopigiwa simu kuhusu mimi akaja hospitali navyo kwenye kisahani, akamwonyesha Daktari, hivyo wakajua mara moja ni nini, bila kupoteza muda kukisia.

Daktari hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angegombeza. Alisema kwa upole kwamba moyo uliozoea kulindwa na dawa hii ukinyang'anywa ulinzi ghafla unakurupuka, na moyo mchovu ukikurupuka unaweza kusimama. Wapo ambao hawakufika hapa. Kama dawa inasumbua, nimwambie yeye au Nesi, watapunguza wao, hatua kwa hatua. Kizunguzungu cha siku ile kingeniacha ndani ya wiki mbili. Sasa naanza tena kwa kipimo kidogo kabisa. Nimerudishwa darasa.

Mwalimu ameniletea daftari hili. Amelisoma lote. Amelisahihisha kwa kalamu nyekundu! Kwenye mapigo ya uongo ameweka alama ya kosa. Kwenye "Mimi siachi. Nasimamisha" ameandika: Hoja dhaifu. Nikamwuliza kwa nini anasoma siri za mtu. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Akaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa, akalikunja tena na tena, nikaona machozi yanadondoka juu yake. Akasema alikuwa amesimama mbele yangu kila siku na mikono kiunoni, na mimi nilikuwa nakufa mbele yake kwa vidole.

Nilimshika mkono. Nilisema samahani mara mbili, na zote mbili ni za kweli.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mapigo 80, yamenyooka. Nimeambiwa nitaruhusiwa kesho.

Betri amekuja kunitazama, na machungwa. Alikaa akiyamenya yote, mpaka nikadhani amekuja kumenya tu. Kisha akasema mama yake alikuwa na dawa kama yangu. Aliona nafuu, akaiweka kabatini. Hakukuwa na mtu wa kumbeba.

Ndiyo maana siku ile dukani alikuja mbio na kiti, kumbe. Mimi nilidhani ni dharau.

Ufunguo wa mnara anao. Akasema hajagusa kitu. Ile mota ya umeme amemwambia Afisa isubiri. Akaniomba, ananiomba mimi, nimfundishe kuitia ufunguo kwa mitambo yake ile ile, nikiwa chini, yeye juu, kwa simu. Nikasema nitafikiria. Nilikuwa nimeshafikiria kabla hajamaliza sentensi.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Nyumbani! Na leo, saa tano na nusu asubuhi, saa ya mnara imetembea.

Nilikaa chini kwenye kiti cha Betri, simu sikioni. Nikamwambia tafuta gurudumu kubwa upande wa kushoto. Akagusa la kulia. Nikasema kushoto. Akasema kushoto kwangu au kwa saa? Tulichukua dakika arobaini. Nilipomwambia sasa, sukuma pendulo taratibu, nilijisikia ninaisukuma kwa mkono wangu. Mshale ukaruka. Soko zima likapiga makofi.

Makofi yalikuwa ya Betri. Alipotokea mlangoni na vumbi kichwani wakambeba. Mimi nilipewa pole.

Nesi amekuja nyumbani na mizani ya kupandia, ya kukanyaga kwa miguu. Kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya chai, nijipime na kuandika. Nikiongezeka kilo mbili ndani ya siku mbili tatu, maana yake maji yanarudi mwilini, nipige simu siku hiyo hiyo. Nikamwuliza kuhusu ngazi. Akasema uzito ukitulia wiki mbili, na mapigo yakiwa mazuri, tutazungumza kuhusu ngazi, kidogo kidogo, na mtu pembeni.

Wiki mbili! Tarehe thelathini! Nimeapa mbele ya Mwalimu kwamba sitagusa dawa kamwe, wala kuisimamisha, wala kuipunguza, wala kuificha. Nimeapa kwa moyo mmoja, ndio huo huo nilionao.

Jumamosi, tarehe 22 Machi

Nakunywa dawa kama mtoto wa shule. Na chai, na mkate, kinywa wazi, ulimi juu. Vidole naviweka mezani vyote kumi, Mwalimu anavihesabu. Mapigo 68, na siulizi kwa nini si tisini. Kunyanyuka: natulia ukingoni mwa kitanda, nahesabu ishirini, ndipo nasimama. Dukani mgongo umeanza kuuma kwa kuinama, mtu akanipa kidonge cha maumivu, nikakataa, nikampigia Nesi kwanza. Akanisifu! Akasema dawa nyingi za maumivu za aina ile zinafanya maji yabaki mwilini, haziwafai watu wenye moyo kama wangu.

Uzito: kilo 71. Jana 71. Juzi 71. Nimetulia kama jiwe la msingi. Bado siku nane.

Betri amepanda leo kuitia saa ufunguo. Ametumia dakika sita. Ameanza kupiga mluzi akishuka.

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Asubuhi: kilo 73.

Haiwezekani. Nikashuka, nikapanda. Sabini na tatu. Nikavua shati. Sabini na tatu. Nikasimama kwa mguu mmoja. Sabini na tatu, na karibu nianguke.

Nikampigia Nesi? Ningempigia. Kanuni ni kanuni, na mimi nimebadilika. Lakini nikafikiri kwa utulivu. Nikipiga simu, ataniambia hesabu ya wiki mbili inaanza upya. Betri atapiga mluzi mwezi mzima. Na je, kama tatizo si mimi? Mizani hii ina springi ndani. Springi inachoka. Nani anajua springi katika nyumba hii?

Nikaigeuza. Chini kuna skrubu ndogo ya kurekebisha, imeachwa wazi, inaomba kabisa. Nikaipa robo ya mzunguko. Nikapanda. Kilo 71! Nikaandika 71 kwenye daftari la bluu. Dawa sikuigusa. Naomba izingatiwe, dawa sikuigusa hata kidogo.

Saa mbili Mwalimu akapita, akaikanyaga mizani, maana siku hizi naye anajipima. Akapiga kelele ya furaha. Amepungua kilo mbili tangu jana! Akajigeuza kwenye kioo, upande huu, upande ule. Kisha akageuka. Akaitazama mizani. Akatazama viatu vyangu, ambavyo nilikuwa nimevivaa bila kufunga kamba. Akainama, akabonyeza kifundo cha mguu wangu kwa kidole gumba. Kidole kikaacha shimo. Akachukua mkoba wake.

Tuko kliniki. Nesi amenibonyeza na yeye, amenisikiliza mapafu, amesema maji yameanza kurudi, ni mapema, tumewahi vizuri sana. Ataongeza dawa ya maji kwa siku chache, na ile ya moyo inabaki kipimo kile kile, isiguswe. Kama tungengoja mpaka kesho kutwa ningerudi wodini. Ngazi, bado. Akaniuliza kama nimeelewa. Nimesema nimeelewa. Akaniuliza kama nitarudia. Nimesema sitarudia kamwe kugusa mizani, na Mwalimu ni shahidi.

Nesi ametoka kuleta karatasi. Mwalimu amekwenda dirisha la dawa. Nimeachwa peke yangu na mashine yao ya kupimia presha, ile ya zamani, yenye uso wa duara na mshale. Watu maskini, wanapimwa kutwa nzima na kitu hiki. Mshale haukai kwenye sifuri. Umepita kidogo, unywele mmoja tu, lakini umepita, na kila mtu mtaa huu anaongezewa presha isiyo yake. Labda hata mimi.

Bisibisi ndogo ninayo mfukoni mwa shati. Nitasimama taratibu, nihesabu ishirini kwanza, kama nilivyofundishwa.